Hawakumkataza Kukaa

Katekista hakujua kuimba. Naanza na hilo kwa sababu, katika miaka yote tuliyokaa jirani katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi pale Kolwezi, ndilo jambo pekee ambalo nilimshinda bila mtu yeyote kubisha.

Mashine ya kuponda mawe alikofanya kazi ilikuwa imeyaharibu masikio yake. Aliposhika wimbo wa Kilatini siku ya Jumapili, sauti yake ilipanda pale wenzake waliposhuka, na watoto wa mafundisho waliinama ili wasionekane wakicheka. Mimi niliongoza kwaya ya kanisa letu dogo la Kiprotestanti. Tuliimba kwa sauti nne, na zote nne nilijifunza peke yangu kutoka kitabu cha nyimbo alichoniachia mmisionari aliyekuwa akirudi kwao. Kila mwimbaji wangu alijua mahali pake pa kuingia. Lakini kifo kilipoingia katika nyumba yoyote ya kambi, ya Mkatoliki au ya Mprotestanti, mtu aliyeulizwa kwanza hakuwa mimi. Watu waliuliza: Katekista yuko wapi?

Sitaandika alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Alikuwa mtu wa Kasai, kama wengi walioletwa kufanya kazi ya shaba, na hilo latosha. Nitaandika niliyoyaona na niliyoyasikia kwake mwenyewe.

Mimi nilikuwa karani wa ghala la vyuma. Shuleni nilifika darasa la nne tu. Kifaransa nilijifundisha kwa kusoma magazeti yaliyokuja yamefungiwa vipuri, na Biblia niliisoma kwa Kiswahili na kwa Kiluba, nikilinganisha mstari kwa mstari. Watu waliniita Mwinjilisti. Mahubiri yangu yalikuwa na sehemu tatu, na kila sehemu ilikuwa na ushahidi wake. Nilipohubiri, watu walitikisa kichwa kwa kukubali. Nilipomaliza, walikwenda kwao.

Msomaji wa leo lazima aelewe jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya Wabelgiji kuondoka. Wakatoliki walikuwa na shule ya matofali ya kuchoma iliyojengwa na kampuni. Sisi tulikuwa na kanisa la udongo lililoezekwa mabati mepesi. Padri aliwakataza watu wake kusali pamoja nasi, akituita waliopotea. Mmisionari wetu naye alitufundisha kwamba rozari ni sanamu ndogondogo zilizotungwa kwenye uzi. Hata makaburini njia moja ya changarawe ilitugawa, wao kushoto na sisi kulia. Mtu na mke wake, kama waliabudu mbalimbali, walizikwa wakitazamana ng'ambo ya njia ile.

Kilio cha kwanza nilichomwona Katekista kwetu, marehemu alikuwa shemasi wa kanisa langu. Katekista alifika akisukuma baiskeli yenye mzigo wa kuni, akauteremsha, akawasalimu wafiwa kwa mikono miwili, kisha akaketi nje karibu na moto, mgongo ukiegemea ukuta. Nikamwuliza kama Padri wake anajua kwamba yuko hapa.

"Padri alinikataza kusali na ninyi," akasema. "Kuikala hakukataza."

Hakusema hivyo kwa ujanja. Alikuwa mtu wa kutii, na neno la Padri alilichukua jinsi lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Tulipoanza kusali, aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akashika shoka, akapasua kuni. Alitaka masikio yake, hata yale kidogo yaliyobaki, yasishiriki. Tatizo ni kwamba shoka lilianguka katikati ya maneno yangu. Nilikuwa nikizungumza juu ya ufufuo, na kila nilipofika penyewe, gogo lilipasuka.

Baada ya mazishi nilimwendea, nikamwambia kwa heshima kwamba shoka lake linatuvurugia sala. Akaomba radhi. Na kweli, tangu siku hiyo hakupasua kuni tena tukiwa tunasali. Alijitwika shoka begani, akasimama pale nyuma ya nyumba, akingoja Amina.

Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika kwa upande wangu. Waliokaa karibu na mlango walimwona amesimama vile, nao wakaanza kumhurumia. Sala zangu wakati ule zilikuwa ndefu. Nilizipanga: shukrani, toba, faraja, kisha maombi kwa ajili ya wafiwa, kila mmoja kwa jina. Siku moja, nikiwa bado kwenye toba, mzee mmoja wa kanisa akanigusa mkono.

"Tata Mwinjilisti," akaninong'oneza, "fupisha kidogo. Katekista anachoka na ile shoka."

Nikafupisha. Baadaye nilisikia watu wa kanisa langu wakisema kwamba siku hizi Mwinjilisti anasali vizuri sana.

Mwaka mmoja upepo wa masika uliondoa mabati ya kanisa letu na kuyatupa mpaka kwenye reli. Kampuni haikutusaidia, kwa kuwa kampuni ilijua kanisa moja tu. Tukayaokota mabati, tukayanyoosha kwa nyundo, na mimi mwenyewe nikapanda juu na misumari mdomoni. Nilikaa juu ya paa lile siku tatu za mapumziko yangu. Chini yangu, ameikamata ngazi kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshika ng'ombe asikimbie, alikuwa Katekista. Hakupigilia msumari hata mmoja. Padri alipomwita na kumwuliza kama ni kweli amejenga nyumba ya Waprotestanti, alijibu kwamba hakujenga chochote, alishika ngazi tu, kwa sababu ngazi ilikuwa mbovu na juu kulikuwa na mtu. Habari hiyo nilisimuliwa na mpishi wa misheni, aliyekuwa akipita na sahani.

Paa lile watu waliliita paa la Katekista. Niliwasahihisha. Nilieleza nani alipanda na nani alibaki chini. Walinisikiliza vizuri, wakakubali, na kesho yake wakaliita paa la Katekista.

Mtu asifikiri kwamba alikuwa mpole. Watoto wa mafundisho aliwachapa kwa fimbo ya mwanzi waliposahau amri, na hakuchagua wake wala wa wengine. Tumbaku yake ya kunusa hakumgawia mtu. Ukimwomba, alilitazama kopo kwa masikitiko kana kwamba mle ndani mna mgonjwa. Alikuwa na kofia nyeupe ya jua, ile ya Wazungu wa zamani, aliyopewa na msimamizi aliyestaafu, na kila Jumamosi aliipaka chokaa. Jumapili alitembea nayo katikati ya barabara, polepole, ili hata waliolala waamke wamwone. Niliwahi kufikiri kwamba mtu anayependa kofia kiasi kile hawezi kupendwa na watu. Nilikosea katika hesabu hiyo.

Na alikuwa na kinyongo. Kijana mmoja wa Dilolo, ambaye Katekista ndiye alimsimamia ubatizo, alihamia kanisa letu, nami nikambatiza upya kwa kumzamisha katika mto Musonoi, watu wakishangilia ukingoni. Katekista akaacha kumsalimia. Kiangazi kizima, akimwona anakuja, alivuka barabara. Kisha mtoto wa yule kijana akaugua surua. Mama wa mtoto alikuwa ametoka kujifungua mwingine, hawezi kusimama. Katekista akamtuma mkewe akapike bukari, ugali wetu, katika nyumba ile asubuhi na jioni mpaka mtoto apone, na kuni akazileta mwenyewe mpaka mlangoni. Akitoka hapo, akikutana na baba wa mtoto, alivuka barabara.

Nilimwambia kwamba huo ni unafiki. Ama umsamehe mtu, ama usimlishe mwanawe.

"Mutoto alinikosea nini?" akaniuliza, na akangoja kwa kweli nimjibu.

Hakuwahi kuniambia kwamba dini zote ni moja. Wako waliosema hivyo kambini, hasa wakati wa pombe, na yeye aliwachukia kuliko alivyonichukia mimi. Jioni moja tulikuwa tukirudi kazini, yeye akisukuma baiskeli, akaniambia bila kuniangalia: "Weye uko mutu muzuri, Mwinjilisti. Lakini uko mu makosa." Nikamjibu. Njia ya kutoka mgodini mpaka kambini ni ndefu, na nilikuwa na aya za kutosha. Nilianza na imani, nikaja kwenye matendo, nikamaliza na mpatanishi mmoja kati ya Mungu na wanadamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande wa sikio zuri. Tulipofika penye nyumba zetu alisimama.

"Tairi ya nyuma inakosa hewa," akasema. "Nishikie hapa."

Nikamshikia. Alipojaza upepo, akanishukuru, akaingia kwake. Nilibaki barabarani nikitafakari kama nimeshinda.

Nimeandika haya yote bila bado kumtaja mama yangu, na bila mama yangu nisingeandika habari za mtu huyu hata kidogo.

Baba alipofariki, nilimtoa mama kijijini nikamleta kwangu. Nilimbatiza mimi mwenyewe. Nilimfundisha kusoma, katika umri wake ule, kwa herufi nilizoandika kwa mkaa juu ya ubao wa sanduku. Kila jioni, nikitoka ghalani, nilikaa kwenye kiti changu cha kusomea, nikafungua Biblia, nikasoma sura moja, kisha nikamwuliza: "Mama, leo umeshika nini?" Akinijibu kidogo, nilisoma tena. Nilitaka mambo mawili. Nilitaka afe katika kanisa langu, akijua anachoamini. Na zaidi ya hilo, nilitaka siku atakapokuwa na hofu, mtu atakayemwita awe mimi.

Jumapili mchana nilikuwa na ibada ya pili kule Kapata. Mke wangu alikuwa mwimbaji wa sauti ya juu, kwa hiyo tulikwenda wote na watoto, na mama alibaki nyumbani kwa sababu ya miguu. Tulirudi jua likiwa chini. Na kila Jumapili, tukikata kona ya mtaa wetu, tulimwona Katekista akitoka katika nyumba yangu, kofia nyeupe mkononi, macho mekundu kama mtu aliyelia. Alitusalimia, akavuka uani kwake.

Mwanzoni nilifikiri amepita kumjulia hali. Kisha ikawa kila juma. Nilimwuliza mama wanazungumza nini.

"Tunaikala tu," akasema.

Mtu mzima haketi mchana kutwa na mjane mzee bila neno. Nilijua kazi ya katekista ni nini. Nilijua pia kwamba macho hayawi mekundu bure, na nilidhani najua ni sala gani humtoa mtu machozi. Siku moja, nilipokuwa nikianika godoro la mama juani, nilipapasa chini yake kutafuta rozari. Haikuwepo. Sikutulia kwa sababu haikuwepo; nilifikiri wameificha vizuri. Nilianza kumsomea mama sura mbili kila jioni. Alisinzia. Nilimwamsha kwa upole, tukaendelea.

Majirani walinisifia. Walisema, Mwinjilisti ana bahati, mama yake ana rafiki. Hilo neno rafiki nilikwenda nalo ghalani, nikarudi nalo. Mimi ndiye niliyemnunulia blanketi, niliyempeleka kwa daktari wa kampuni, niliyembeba mgongoni wakati wa matope mpaka mlango wa kanisa. Mtu wa kanisa lingine alikuja mikono mitupu mara moja kwa juma, na uso wa mama jioni ile ulikuwa laini kuliko siku nyingine zote. Niliupima uso ule. Jumatatu ulianza kurudi ulivyokuwa.

Mama alipolazwa katika hospitali ya kampuni, nilimkalia kila saa niliyoruhusiwa. Alikuwa amechanganyikiwa siku. Akifumbua macho aliniuliza: "Leo ni Jumapili?" Nikamwambia ni Jumanne. Akafumba. Kesho yake akauliza tena. Nilijua anamwulizia nani. Niliketi pembeni yake na Biblia magotini, mwana wake wa pekee aliye hai, nikawa namwambia, hapana mama, ni Jumatano. Alifariki Alhamisi mchana, nikiwepo. Sikumwita Katekista. Alikuwa kazini, na zaidi ya hayo hakuna aliyeniagiza.

Mazishi nilipanga Ijumaa saa nne asubuhi. Niliipanga kazi ile kwa uangalifu kuliko zote nilizowahi kupanga: nyimbo, somo, nani abebe mbele, nani nyuma. Lori la kampuni lilikuja kwa wakati. Dereva wake alikuwa Mwislamu wa Kasongo, mtu mwenye adabu, akateremka, akatoa pole, akafungua nyuma. Tukapakia jeneza. Nikatangaza kwamba tunaondoka.

Hakuna aliyesimama.

Nilidhani hawakusikia. Nikatangaza tena, kwa Kiswahili na kwa Kiluba. Wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka, nyuso zao zikitazama barabara inayotoka mgodini. Wanaume waliegemea ukuta, wakitazama huko huko. Hawa walikuwa watu wa kanisa langu. Wengi wao niliwabatiza. Mzee wa kanisa, yule yule wa shoka, akanisogelea.

"Tungoye kidogo, Tata," akasema. "Katekista hajafika."

Nikamwambia kwamba marehemu ni Mprotestanti, mwenye kilio ni Mprotestanti, mhubiri ni Mprotestanti, na saa nne imepita.

"Ni vile," akasema mzee. "Lakini tunamungoya."

Hakuwa akinipinga. Alikuwa akinieleza desturi, kama vile mtu anavyomweleza mgeni. Na ndipo nilipoelewa kwamba desturi ilikwisha kuota bila mimi kuiona: vilio vyetu, vya Waprotestanti, havikuondoka kwenda makaburini mpaka yule Mkatoliki awe amefika na kukaa kidogo. Katika vilio vyote nilivyoongoza alikuwa akifika mapema, kwa hiyo sikuwahi kugundua kwamba watu walikuwa wakisubiri ruhusa yake. Nikamgeukia dereva, nikamwomba awashe gari. Yeye ndiye mtu pekee pale asiyekuwa wa kanisa lolote. Alinitazama kwa huruma, akazima hata ile injini iliyokuwa ikinguruma.

"Tata Mwinjilisti," akasema, "nikiondoka na mama peke yake bila batu, kule nitamupa nani?"

Tukangoja. Nilisimama kando ya jeneza la mama yangu, katika suti niliyoiazima, nikingoja mtu mwingine aje. Alifika saa sita kasoro, kwa miguu, akikimbia kama wanavyokimbia wazee, vumbi la mawe limemfunika nywele na kope. Hakuwa na kofia. Msimamizi wake alikuwa amekataa kumwachilia kabla ya zamu kwisha. Alikwenda akaketi chini, mwisho wa mkeka, pumzi zikimpanda. Akakaa kidogo. Kisha wanawake wakasimama, wakajifunga vitambaa, na kilio kikaondoka.

Makaburini alisimama kwenye njia ya changarawe, si upande wake wala upande wetu. Nilihubiri. Naweza kusema bila kujisifu kwamba yalikuwa mahubiri bora ya maisha yangu. Nilikuwa nimeyatayarisha kwa miezi. Niliposema Amina, yeye ndipo alipovuka kwetu, akachukua koleo, akaanza kufukia. Na alilia. Alilia kwa sauti ile ile isiyojua kuimba, makamasi na vumbi vikimchora uso. Mimi sikulia, kwa kuwa nilikuwa naongoza. Tulipomaliza, wanawake wa kanisa langu walimzunguka. Walimshika mikono, mmoja baada ya mwingine, wakamwambia, pole, Tata, pole sana. Kisha wakaja kwangu wakaniambia mahubiri yalikuwa mazuri.

Tangu siku hiyo nilimsalimia kila asubuhi, wala sikumwuliza kitu. Alistaafu, akapata shamba dogo la mahindi huko Lubudi, akahama na mkewe. Vilio vya kambi vikaanza kuondoka kwa saa niliyoipanga.

Nilimwona tena mara moja. Ulikuwa mwaka ambao magari ya vyama yalipita mitaani yakitangaza uhuru, na kanisa lilinituma Lubudi kutazama kama kunaweza kufunguliwa tawi. Njiani, tangu nilipobadili treni Tenke, nilikuwa nikitengeneza swali moja kichwani. Nilitaka liwe fupi na la heshima.

Nilimkuta mchana, amekaa kwenye kiti cha kamba chini ya upenu wa nyumba yake. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa na utando, na masikio yalikuwa yamekwisha kabisa. Alinitambua kwa kunishika mikono. Mkewe akaniletea kigoda na maji, akarudi ndani. Tuliulizana habari za kambi, nikipaza sauti. Kisha nikaliuliza swali langu.

"Tata Katekista, zile Jumapili na mama, mulikuwa munafanya nini?"

"Eh?"

Nikarudia kwa nguvu. Akaweka kiganja sikioni. Ikabidi nipige kelele, mpaka jirani aliyekuwa akipalilia akainua kichwa, na swali nililolificha miaka yote ile likasikika mpaka barabarani. Ndani ya nyumba mkewe alicheka.

"Nilikuwa nalala," akasema Katekista.

Nilidhani hakunielewa. Akaendelea mwenyewe.

"Kwangu kulikuwa batoto saba. Na batu ba maneno: huyu amepiga bibi yake, ule anakataa kutoa mahari, bote banakuja Jumapili kisha misa. Na juma yote mashine. Siku ya kwanza nilikuja kumwambia mama yako kama kanisa ya mutoto yake haiko ya kweli. Nilitayarisha maneno muzuri. Akaniangalia. Akaniambia, Tata, uko na usingizi, lala kwanza. Akanipa kiti yako, ile ya kusomea."

"Na kisha?"

"Nikalala. Jumapili ingine nikarudi. Akasema, lala." Alitabasamu, meno yakiwa machache. "Ile maneno sikumwambia hata leo."

Nikauliza kama hawakusali pamoja hata kidogo. Akasema mama hakutaka. Alimwambia kwamba katika nyumba ile sala haikosekani. Nikauliza, basi mama alikuwa akifanya nini muda wote huo.

"Anatoa karanga maganda. Na kufukuza nzi. Nikiamuka namuona na kitambaa, anafukuza nzi mu uso yangu. Ninasema, mama, wacha. Anasema, lala." Akageukia upande wangu. "Aliniambia siku moja juu yako. Alisema, wa kwangu anachoka kukupita weye, lakini akifika hapa anafungua kitabu."

Nilimwonea wivu kwa kila dakika ya usingizi ule. Nilikuwa nimekuja na hofu kwamba alimfundisha mama yangu sala zake, na sasa nilitamani ingekuwa hivyo, kwa sababu hoja ya sala ningeweza kuijibu.

Akanigusa goti. "Na weye, bado uko mu makosa?"

"Bado," nikamwambia sikioni. "Na weye?"

"Bado," akasema, akaonekana ameridhika.

Aliegemea kiti. Nilianza kumweleza habari za tawi, na nia ya kanisa langu, na jinsi tutakavyoishi kwa amani na watu wa Padri wa Lubudi. Nilikuwa nimefika sehemu ya pili nilipoona kidevu chake kimeshuka kifuani. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mikono imeachia magoti. Jirani aliendelea kupalilia. Ndani mkewe alikuwa akitwanga kitu, polepole, ili asimwamshe mtu asiyesikia.

Nzi mmoja akatua kwenye paji la uso wake, akatembea mpaka pembeni mwa jicho. Nilimtazama nzi yule kwa muda, bila kufanya kitu. Kisha nikatoa leso yangu, nikamfukuza, na alipozunguka akarudi, nikamfukuza tena.